Maneno Yaliyokatikia Mtoni

Mama yangu hawezi kuona kitu kimekaa uchi. Nyumbani kwetu Mitunguu redio ilikuwa na kitambaa chake, meza ilikuwa na chake, viti vilikuwa na vya mgongoni na vya kuwekea mikono, na baba alipoletewa televisheni ndogo ya kutumia betri ya gari, mama alimaliza kuifumia kitambaa kabla hatujafaulu kushika picha yoyote. Alifuma kwa kroshia, uzi mweupe, ua la duara katikati na mawimbi pembeni. Mgeni aliyekaa kwetu sana aliondoka na alama za maua kwenye viwiko. Basi nilipomweleza kwamba ofisini kwetu Embu kumeletwa kisanduku cha kuhifadhia maneno ya baba, hakuuliza kinafanyaje kazi. Aliuliza kina ukubwa gani.

Nilimwonyesha kwa mikono. Ukubwa wa Biblia, nikasema, ila kizito kuliko kinavyoonekana. Aliitazama mikono yangu vizuri, akaingia chumbani kutafuta uzi.

Hiyo ilikuwa miaka ya tisini ikielekea ukingoni, na mimi nilikuwa mpiga chapa katika ofisi ndogo ya mradi mmoja wa kanisa mjini Embu. Nilipanga chumba mtaa wa Dallas, hapo hapo mjini. Tulikuwa na kompyuta moja, na iliishi vizuri kuliko sisi sote. Chumba chake kilikuwa na mapazia mazito, zulia, na sheria: viatu vinaachwa mlangoni. Mkubwa wetu mwenyewe, mtu wa tai na koti, aliingia humo na soksi iliyotoboka kwenye kidole gumba, na hakuna aliyethubutu kucheka. Tuliogopa vumbi. Udongo wetu mwekundu huingia hata ndani ya kopo la chumvi, na mwalimu wa kompyuta aliyekuja kutufunza alikuwa ametuapia kwamba vumbi ndilo adui. Kuhusu joto hakutuambia kitu.

Baba alikuwa mwalimu wa shule ya msingi maisha yake yote. Alipostaafu alikaa na migomba yake kwa muda, kisha akaniambia anataka kuandika maisha yake, lakini vidole vyake vimechoka kwa kusahihisha madaftari ya watoto wa watu. Yeye angesema, mimi ningeandika. Nilidhani ni hamu ya kupita, kama ile ya kufuga nyuki iliyomtoka alipoumwa kwenye sikio. Haikupita. Kila nilipokwenda nyumbani nilimwachia kanda, naye akakaa barazani na redio ya kaseti akajirekodi peke yake, kwa Kimeru cha Imenti kilichonyooka, majogoo wakimkatiza na yeye akiwafokea humo humo ndani ya kanda. Mama hakuruhusiwa kukaribia. "Unanicheka," baba alimwambia, na ilikuwa kweli.

Nilirudi na kanda Embu. Saa ya chakula cha mchana, wenzangu wakitoka kwenda kula, mimi nilivua viatu nikaingia kwenye chumba cha zulia, nikavaa visikizi masikioni, nikaandika.

Watu hudhani mpiga chapa anakijua alichokiandika. Sivyo. Maneno huingia sikioni yakatokea vidoleni, na hapo katikati wewe unawaza kama uliacha jiko likiwaka. Nilipiga chapa hotuba nyingi, ripoti nyingi, mahubiri yasiyo na idadi, na ukiniuliza hata moja lilihusu nini nitakutolea macho. Ya baba niliyaandika kwa mikono hiyo hiyo. Nilijiambia nitayasoma kwa utulivu yakishakamilika.

Kanda hatukuziweka. Hiyo ilikuwa amri ya baba. "Ukishanakili, futa," alisema. Ndivyo alivyofanya darasani miaka yote: watoto wakishanakili, alichukua kifutio, akapangusa ubao wote mpaka kwenye pembe, na ole wake aliyekuwa bado anauma kalamu. Ubao ni wa somo linalofuata, alisema, na kanda kwake zilikuwa ubao. Alirekodi juu ya maneno yake mwenyewe, tena na tena, na zilipochakaa zikachukuliwa na akina mama wa kanisa kwa mazoezi ya kwaya.

Mwanzoni maandishi hayo yalikaa kwenye flopi, na flopi zetu ziliharibika kama maziwa. Leo inasoma, kesho imeota ukungu, keshokutwa imeshika virusi. Ndipo mgeni wa mradi kutoka ng'ambo alipotuachia kile kisanduku, yaani 'hard disk' ya nje ya kuhifadhia kazi za kompyuta, yenye waya wake wa stima na kebo nene ya kuchomeka nyuma ya kompyuta. Mkubwa wetu alikishika kwa mikono miwili kama mtu anayepokea mtoto wa kubatizwa. Alisema mambo ya flopi yamekwisha. Alikubali nihamishie humo na maneno ya baba, na flopi zote zikafutwa zikapewa kazi nyingine.

Kitambaa cha mama kilifika wiki chache baadaye. Kilikuwa kizuri kupita vyote alivyowahi kufuma, na kwa sababu kroshia ina matundu na vumbi hupenya matundu, alikuwa amekishonea bitana ndani, kipande cha sketi yake nzito ya kanisani. Kilikikaa kisanduku sawasawa, pande zote mpaka mezani. Ofisi nzima ilikuja kukitazama. Mkubwa aliuliza kama mama angeweza kufuma kingine cha kompyuta yenyewe. Nilijivuna, sina haja ya kuficha. Nilijivunia mama yangu mbele ya watu waliosoma.

Kisha ikaja mvua ya El Nino, ile iliyobomoa barabara na kuozesha mahindi shambani. Baba alianguka kati ya migomba. Alipoletwa nyumbani kutoka hospitali, upande wake wa kulia ulikuwa umepooza na maneno yalikuwa yamemtoka yote, isipokuwa moja. Alibaki na "ii", ambayo kwetu ni ndiyo. Uji ukiletwa, ii. Akiumwa, ii. Akikataa, alikusukuma kwa mkono wa kushoto huku akisema ii, na macho yake yakikasirika kwa kusikia mdomo unavyomsaliti. Huyu ni mtu aliyewahi kusimamisha gwaride zima la shule kwa sauti yake bila kipaza sauti. Nilikuwa natoka nje nalia nyuma ya tangi la maji.

Nilikuwa nimechapisha sehemu ya kwanza tu, utoto wake mpaka kuingia chuo cha ualimu, kabla utepe wa printa haujakauka. Siku moja nilikuja na karatasi hizo nikaketi kando ya kitanda nikamsomea. Sijui nilitarajia nini. Alisikia Kimeru chake mwenyewe kikitoka kinywani mwangu, na mafumbo yake, na kejeli zake, na akatulia kabisa. Kwenye kisa cha nyuki, ambacho alikuwa amekichomeka katikati ya utoto wake, alicheka, kicheko cha upande mmoja. Nilipofika mwisho wa karatasi ya mwisho aliigonga kwa kidole cha kushoto. Kisha akanigonga mdomoni.

"Endelea?" nikamuuliza.

"Ii."

"Nitaleta, baba. Yote yapo. Yamehifadhiwa vizuri."

Nilirudi Embu na raha ambayo sikuwa nayo tangu augue. Nilikuwa nimepata kazi ya kufanya. Nilitafuta utepe mpya, nikaweka karatasi kwenye printa, nikawasha kila kitu. Kisanduku kikalia tak. Nikangoja. Tak, tak, tak, kwa mpangilio ule ule, kama mtu anayebisha hodi na hajibiwi. Nilitia mkono chini ya kitambaa na kuutoa haraka, maana kisanduku kilikuwa cha moto kama birika. Kompyuta iliandika kwamba haioni kitu.

Nilizima, nikawasha. Nikachomoa kebo, nikaipuliza, nikachomeka. Nikaomba. Mkubwa alikuja na soksi zake akasimama nyuma yangu.

"Barua za ofisi ziko kwa faili, karatasi ziko zote," akasema. "Hapo hatujapoteza kitu."

"Na za baba?"

"Pole sana, dada. Enda nayo Meru, kuna fundi pale mjini ananisaidianga. Chukua tu, enda nayo."

Hakuwa na ubaya. Lakini lile "hatujapoteza" lilinifuata safari nzima, kisanduku kikiwa mapajani mwangu ndani ya kiondo, kimevalia kitambaa chake kisipate mtikisiko.

Fundi alikuwa na chumba orofani, juu ya hoteli moja. Alikuwa mtu wa makamo, mchangamfu, na matumbo ya kompyuta yalikuwa yametapakaa kila mahali. Nilimweleza yote: baba, kiharusi, kanda zilizofutwa. Alisema pole. Kisha akatoa kisanduku kwenye kiondo, na kabla hajakichomeka popote akakivua kitambaa, akakigeuza, akaipapasa ile bitana.

"Hii ilikuwa inakaa na hii nguo?"

"Ndiyo."

"Hata ikiwa on?"

"Kuna vumbi sana kwetu."

Alinionyesha matundu madogo ubavuni mwa kisanduku, safu kwa safu, ambayo mimi nilikuwa nimeyaona ni mapambo. "Madam, hii kitu inapumulia hapa. Sasa nyinyi mliivalisha sweta. Imeiva."

Nilitaka kumzaba kofi. Si kwa sababu alikosea. Kwa sababu alikuwa bado ameshika kitambaa cha mama kwa vidole viwili, kama kitambaa cha kupangusia meza, na hakujua mikono iliyokifuma wala ilichokuwa inakihifadhi. Nilikinyakua nikakisukumiza chini kabisa ya kiondo. Sisi wote tuliingia chumba kile bila viatu, nikawaza. Hakuna mtu aliyeheshimu mashine kuliko sisi.

Alijaribu hiki, akajaribu kile. Kisanduku kilibisha hodi tu. Mwishowe akakuna kichwa akasema kuna njia moja amewahi kusikia, siyo ya vitabuni. Baridi. Chuma kikipoa kabisa kinaweza kuzunguka tena kwa dakika chache, tukawahi kutoa tunachoweza. Hakuahidi kitu. Akakifunga kwenye mifuko ya plastiki, tukashuka hotelini, akazungumza na mwenye hoteli, na maisha ya baba yangu yakaingia kwenye friji ya soda.

Nilikaa meza ya karibu nikilinda. Niliagiza chai ambayo sikuinywa. Mhudumu alifungua friji mara kwa mara, akasogeza kisanduku kupata Fanta, akakirudisha, akanitazama.

"Madam, hii radio yako hapa inafanya nini?"

"Inapoa."

"Ilikuwa na homa?"

Wateja wakacheka na mimi nikacheka pia, kisha nikajikuta siwezi kuacha, na machozi yakaanza kunitoka, na mhudumu akaenda kupangusa meza ya mbali. Sijawahi kujiona mjinga namna hiyo. Nilikuwa mtu mzima mwenye cheti, na nilichoweza kumfanyia baba yangu ni kukodolea macho mlango wa friji.

Tulipokipandisha tena kilikuwa kinatoa jasho. Fundi alikipangusa, akakichomeka, na kikazunguka. Sauti laini, ile ya zamani. Kwenye kioo yakajipanga majina niliyoyaandika kwa mikono yangu: UTOTO, CHUO, NDOA, MTONI, SHAMBA, mpaka chini. Nilipiga kelele. Yalikuwa yote, hakuna lililokosekana. Nilimshika fundi bega nikalitikisa.

Alifungua moja. Ndani mlikuwa na vijisanduku vyeusi na alama za ajabu, mistari na mistari. Akafungua jingine. Vijisanduku. NDOA ilikuwa tupu kabisa. Majina yalikuwa pale kama milango ya nyumba iliyoungua, ukifungua unaona nje.

"Ngoja," akasema, jasho likimtoka. "Kuna program ya kuokota vipande." Programu ikaokota. Ilirudisha vipande bila majina, vyenye nambari tu, na akavifungua haraka haraka, uchafu, uchafu, uchafu. Kisha katikati ya uchafu nikaona neno la Kimeru. Kisha sentensi. Ukurasa mmoja mzima, safi, kwa sauti ya baba.

"Print!" nikapaza sauti. "Print hiyo!"

Aliuwahi. Printa ilikuwa bado inanguruma kisanduku kilipolia tak. Akakirudisha kwenye friji, tukangoja tena, tukajaribu tena, na safari hiyo hakikulia hata hodi. Fundi alichomoa kebo polepole.

"Imeenda," akasema. "Niliwahi hiyo moja tu. Aki pole, madam."

Niliteremka Mitunguu siku ileile, jua likiwa bado juu. Baba alikuwa ameketishwa kwenye mito, mkono wa kulia ukiwa umepumzika juu ya shuka. Mama alikuwa mlangoni na beseni, akimenya ndizi za kupika, viganja vyeusi kwa utomvu. Sikusalimia ipasavyo. Nilimwambia baba kwamba kisanduku kimeharibika na fundi ameokoa ukurasa mmoja. Sikusema kwa nini kimeharibika. Baba akaigonga karatasi. Nikasoma.

Alikuwa akisimulia walivyohama. Watu wa kule juu Nkubu kwenye baridi waliwacheka, alisema, wakiwaambia Mitunguu ni ya mbu na nyoka na watu waliokosa pa kwenda. Walikuwa wameoana karibuni. Walishuka kwa miguu, wamebeba machipukizi ya migomba mgongoni, yeye mzigo wake na mkewe wake. Mvua ilikuwa imenyesha mlimani na mto ulikuwa umejaa. Nikasoma: "Mke wangu akatua mzigo, akaketi juu ya jiwe, akasema yeye anarudi kwao. Nilikuwa sijawahi kumwona akilia. Nikasimama mbele yake nisijue la kufanya. Mwishowe nikamwambia"

Hapo palikuwa na vijisanduku vyeusi mpaka mwisho wa karatasi.

Mama alikuwa ameacha kumenya. "Hata hilo la mtoni aliliandika?" akauliza, akicheka. "Mzee huyu hana siri."

"Alikuambia nini, mama?"

"Nani? Huyu? Hakuniambia kitu. Alisimama pale mto ukinguruma, akanitazama tu. Halafu akachukua mzigo wangu akaupandisha juu ya wake akaingia majini. Nikamfuata. Ningefanyaje? Migomba yangu ilikuwa inaondoka."

"Ii!" Baba alisukuma hewa kwa mkono wa kushoto. "Ii! Ii!" Alikuwa anakataa. Alikuwa anaukataa usemi wa mama kwa nguvu zote alizobaki nazo, shingo imemkaza, akigonga ile karatasi pale maneno yalipokatikia.

Mama aliacha kucheka. Akaweka beseni chini, akaja mpaka kitandani.

"Ulisema kitu?"

"Ii."

"Pale mtoni? Uliniambia kitu?"

"Ii."

"Sikusikia," akamwambia, polepole. "Maji yalikuwa na kelele. Mimi nimekaa miaka hii yote nikijua hukusema kitu." Kisha akanigeukia, na uso wake ulikuwa wa msichana nisiyemjua. "Wewe uliandika. Aliniambia nini?"

Nilitafuta. Mungu ananiona nilivyotafuta. Niliikumbuka saa ile ya mchana, mvua juu ya mabati, soksi zangu mbichi kwenye zulia, herufi M iliyokuwa inakwama nikilazimika kuigonga kwa nguvu. Nilikumbuka kwamba jogoo aliwika hapo hapo na baba akamfukuza, na kwamba nilitabasamu. Nilimkumbuka jogoo. Maneno sikuyakumbuka.

"Sikumbuki."

"Kumbuka."

"Mama, sikumbuki."

Nikaanza kubahatisha. Nilimuuliza baba, ulimwambia usiogope? Akanisukuma. Ulimwambia mtarudi mambo yakiharibika? Akanisukuma. Nilibahatisha mpaka nikaona aibu, na yeye akachoka, akafumba macho, na mkono ukaanguka juu ya shuka. Tulikuwa watatu chumbani. Mmoja aliyajua maneno na hakuweza kuyasema, mmoja aliyaandika na hayakumkaa, na mmoja ndiye aliyekuwa ameambiwa.

"Yamo humo ndani?" mama akauliza, akikiangalia kisanduku kwenye kiondo.

"Yamo."

"Basi atapatikana fundi mwingine."

Aliingiza mkono chini kabisa ndani ya kiondo akakipata kitambaa pale nilipokuwa nimekificha. Alikikung'uta, akanyoosha ile bitana kwa kiganja. Akakiweka kisanduku juu ya meza, karibu na kichwa cha baba, akakifunika, akavuta kila upande mpaka chini, akahakikisha hakuna mwanya. Ningeweza kusema. Nilifungua mdomo na nikauona mkono wake ukilaza lile ua katikati, nikaufumba mdomo.

"Lisiingie vumbi," akasema.

Kisha akaketi ukingoni mwa kitanda, akamwinamia baba mpaka sikio lake likagusa mdomo wake.

"Haya," akamwambia. "Sasa hakuna mto. Sema."

"Ii," baba akasema.